Jinsi ya kuandaa siku ya samaki na washkaji wa zamani kila mwaka, Dar, bila kuishia kwenye "tutafutane basi"

Kama una kundi la watu mliokuwa mnakula sahani moja zamani na sasa hivi mnakutana misibani tu, hii inakuhusu. Sisi tulikuwa geto Sinza, vyumba viwili watu saba, af kulikuwa na wa kuja kushinda ambao usiku unawakuta bado wapo, ukichanganya na madada wa nyumba ya nyuma jumla tulikuwa kama kumi na nane hivi. Leo mmoja yuko Houston, mmoja Mwanza, wawili walihamia Dodoma na wizara zao, waliobaki wako Dar hapahapa lakini wa Mbagala na wa Bunju kuonana kwao ni kama mmoja anaishi nchi nyingine, foleni si mnaijua. Ila kuna siku moja kwa mwaka tunakula samaki wote, tangu 2014, na naandika tunavyofanya kwa sababu kuna watu wanaona picha wananiuliza "mnawezaje nyie".

Kwanza kwa nini samaki na sio nyama choma. Nyama choma unaagiza, unakaa, inaletwa, unakula, unaangalia simu. Samaki anataka mikono. Kuna kamba wa kumenya, pweza wa kuchemsha, nazi ya kukuna, na mtu aliyeshika kamba mikono yote miwili hawezi kushika simu, anaongea tu. Alafu samaki hachinjwi, kwahiyo ile mijadala ya nani kachinja haipo, Waislamu na Wakristo mnakula sufuria moja. Angalizo ni kwa Wasabato, maana wengi wao wanakula samaki mwenye magamba na mapezi tu, kwahiyo changu na kolekole sawa, lakini kamba, kaa, ngisi na pweza hapana. Sisi tunaye mmoja, ana wavu wake wa kuchomea na koleo lake, hatuchanganyi, na hakuna anayemtania tena kwa sababu alishatutania zaidi yeye.

Haya, tarehe. Hapa ndo makundi mengi yanafia. Mkianza "wikendi ipi iko poa kwa kila mtu" mmeshakwisha, mtapiga kura kwenye grupu mpaka Krismasi. Chagueni tarehe ambayo haina mjadala. Sisi ni 14 Oktoba, Nyerere Day, iwe Jumatatu iwe Alhamisi hatuhami. Ni sikukuu ya kitaifa kwahiyo wengi hawako kazini, Wachaga hawajaanza kwenda Moshi, ada za Januari ziko mbali, na baharini upepo wa kusi unakuwa umeanza kukata wakati kaskazi haijashika, bahari inatulia na wavuvi wanatoka. Tuliwahi kujaribu Saba Saba. Julai hainyeshi kweli, lakini kusi linavuma, ngalawa hazitoki vizuri, tulinunua changu kwa bei ya mbuzi. Desemba 9 nayo ni nzuri ila vuli inaweza kuwakuta na kila mtu ana harusi. Na msichague tarehe kwa kubahatisha bila kuangalia Ramadhani, maana inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, tarehe iliyo salama leo baada ya miaka kadhaa inaweza kuangukia katikati ya mfungo.

Mwaka mmoja tulihamisha tarehe kumfurahisha bosi mmoja kati yetu aliyekuwa na safari. Walikuja watu tisa. Na bosi mwenyewe hakuja, safari yake iliongezwa siku.

Pesa sasa. Usisubiri Septemba ndo utume "jamani michango". Sisi kila mtu anatoa elfu tano kwa mwezi, mwaka mzima elfu sitini, haimuumi mtu sana hata yule ambaye biashara imekufa. Tunaweka M-Koba kwa sababu ni akaunti ya kikundi, hela haikai kwenye simu ya mtu mmoja, na hii ni muhimu kuliko mnavyofikiri, hela ya wote ikikaa kwa mmoja hata akiwa malaika siku akipata msiba ataiazima. Anayekwama kabisa anakuja hivyohivyo, mweka hazina peke yake ndo anajua nani hajamaliza na hasemi. Ukianza kusoma majina kwenye grupu huyo mtu hutomuona tena, na mara nyingi ni yule ambaye anahitaji kuwaona zaidi ya wote. Bia kila mtu na mfuko wake, msiingize kwenye mchango, mtagombana na wasiokunywa.

Mahali: nyumba ya mtu yenye uwanja, bomba linalotoa maji, na mti. Basi. Beach ni nzuri kwa picha ila sehemu nyingi hawataki uje na chakula chako, mnaishia kununua chao. Mbudya tulienda mara moja, boti kutokea Kunduchi, kiingilio cha hifadhi, raha tupu lakini kupika kwa watu thelathini kwenye kisiwa ni adhabu. Sisi tunafanyia Kigamboni kwa mwenzetu na sababu ni rahisi, ukitoka soko la Feri na samaki wako pantoni liko hapo pembeni, unavuka tu, barafu haijaanza hata kuyeyuka. Wanaokuja na magari kutoka mbali wanapita darajani.

Sasa Feri yenyewe. Fikeni saa kumi na mbili asubuhi, sio saa tatu. Waende watatu: mmoja anayejua samaki, mmoja anayejua kupatana bei, na mmoja wa kubeba na kulinda simu za wenzake. Anayejua samaki na anayejua kupatana huwa sio mtu mmoja, anayewapenda samaki sana muuzaji anamsoma usoni. Vaa viatu vya kufunika vidole, sakafu ni maji na magamba, ndala utateleza mbele ya watu. Mwendokasi inawashusha Kivukoni kabisa kama hamna gari, mnatembea kidogo tu.

Mnadani samaki wanauzwa kwa tenga au kwa fungu, dalali anaita bei haraka haraka, kama hujazoea simama pembeni usikilize minada mitatu minne kabla ya kufungua mdomo. Kwa watu thelathini ukichanganya na watoto, kununua tenga mnadani kunalipa. Kwa watu kumi usijisumbue, nenda kwa wachuuzi walionunua wao wakagawa mafungu, utalipa zaidi kidogo ila utachagua.

Kumjua samaki mzima: jicho liwe limetuna na liwe angavu, likiwa limezama na lina ukungu achana naye. Fungua mashavu uone wekundu, yakiwa kahawia au yana utelezi mzito rudisha. Bonyeza tumbo kwa kidole, shimo likibaki huyo ni wa juzi. Anuke bahari, asinuke samaki, sijui kama naeleweka ila ukifika utaelewa. Kamba angalia kichwa, kikianza kuwa cheusi au kinachomoka kirahisi wamekaa. Ngisi awe mweupe wa kung'aa na vile vidoadoa vyake, akianza kuwa wa pinki hapana. Kaa mnunue akiwa hai na amefungwa kamba, mwinue, awe mzito kuliko unavyomuona. Na ukikuta samaki mzuri wa nje lakini nyama inalegea na mifupa ndani imevunjikavunjika na damu imevilia, huyo inawezekana kapigwa baruti, usinunue hata akiwa bei ya bure.

Pweza ana kalenda yake na hii nilifundishwa na mzee mmoja wa Mjimwema. Wanaokamata pweza kwa miguu mwambani wanategemea bamvua, maji yanapotoka mbali, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu, katikati ya hapo, pweza wanapungua na bei inapanda. Huna haja ya kuwa mvuvi, angalia kalenda ya Kiislamu tu, tarehe moja mpaka tatu na kumi na nne mpaka kumi na saba za mwezi ndo bamvua. 2023 siku yetu iliangukia mwezi mpya kabisa, tulikula pweza mpaka tukawapa majirani. 2025 ikaangukia maji mafu. Ila tulishajipanga, tulinunua pweza wiki moja kabla, bamvua la mwezi mpevu, tukamtupa friza. Na friza inamsaidia, pweza aliyeganda siku mbili tatu akayeyushwa taratibu anakuwa laini kuliko aliyepigwa kwenye jiwe nusu saa.

Vipimo vyetu, watu wazima 18 na watoto kama 12: samaki wazima kilo 12 (kichwa na mifupa vinakula sehemu kubwa ya uzito), kamba kilo 4, pweza kilo 5 kwa sababu akichemka anabaki kama nusu, ngisi kilo 2, kaa kadhaa wa kugombania. Mchele kilo 4, nazi 10, ndimu nyingi kuliko unavyodhani, mihogo, na unga wa ugali kwa wale ambao bila ugali hawajala. Mkaa nunueni siku moja kabla, ukiwa na unyevu utapuliza mpaka macho yatoke.

Wapara samaki wapo palepale sokoni, wanakutolea magamba na matumbo haraka sana. Sisi samaki wakubwa tunawapa wao. Kamba na ngisi hatuwapi, tunabeba hivyohivyo, na hii ni makusudi, nitaeleza. Barafu nunua palepale, boksi la barafu liwe limefika na wewe sio uanze kulitafuta.

Jamani barafu sio urembo. Mwaka wetu wa tatu kuna mwenzetu alijitolea jodari, kamnunua jioni ya jana yake, kamwacha kwenye buti la gari bila barafu mpaka usiku ndo akamweka kwenye friji. Asubuhi ananuka vizuri tu. Tukala, baada ya nusu saa watu wanne nyuso nyekundu, kuwashwa, moyo unaenda mbio, mmoja anatapika, tukafikiri tumelogwa. Hospitali wakatuambia jodari na samaki wa aina yake, nguru na vibua pia, wakikaa kwenye joto bakteria wanatengeneza histamini kwenye nyama, na ikishatengenezwa kupika hakuitoi, kuganda hakuitoi. Walipewa dawa wakapona siku hiyohiyo. Tangu hapo jodari lazima atoke Feri asubuhi ile na alale kwenye barafu, na kwenye grupu kila mwaka tunauliza mwenye aleji ya kamba na kaa ajitaje, hasa mashemeji wapya, maana shemeji mpya anaona aibu kusema anakula tu.

Saa tatu nne hivi watu wanaanza kufika, na hapa ndo siri iliyopo kama ipo. Usimruhusu mtu afike akakaa. Mlangoni anapewa kazi. Mwaka 2018 tulikuwa na hela tukasema tujipumzishe, tukaajiri watu wa keteringi. Chakula kilikuwa kizuri sana, meza zimefunikwa vitambaa, sahani zinang'aa. Watu wakakaa walipokaa, wanaume huku, wake zao kule, wenye pesa wakajikuta meza moja, ikawa kama kikao cha harusi. Saa kumi watu wameshaondoka. Mwaka uliofuata tukarudisha mabeseni.

Sasa hivi beseni la kamba linawekwa chini ya mwembe na viti vya chini kulizunguka. Unavuta kichwa, unamenya gamba, unapasua mgongo kidogo unatoa kile kiuzi cheusi, unatupa kwenye maji ya ndimu na chumvi. Kilo nne watu sita ni kama saa nzima, na hiyo saa nzima hakuna anayeangalia mwingine machoni, wote mnaangalia kamba, kwahiyo mtu anasema vitu. Talaka ya mmoja wetu tuliisikia hapo. Sukari ya mwingine pia, alikuwa hajamwambia hata mke. Mbuzi ya kukunia nazi anapewa mwenye cheo kikubwa zaidi mwaka huo, ni sheria, tuna mkurugenzi wa taasisi fulani anakuja na pensi maalum ya kukalia mbuzi na watoto wake wanampiga picha. Wapangeni watu kwa kuchanganya, waliogombana msiwaweke beseni moja, wawekeni kwenye jiko moja, moshi unawalazimisha kusaidiana.

Mapishi siyaelezi yote, kila nyumba ina lake, lakini haya matatu watu wanakosea.

Pweza: msafishe, geuza kichwa utoe uchafu na wino, toa ule mdomo mgumu katikati ya mikia. Mtie kwenye sufuria bila maji, funika, moto mdogo, atatoa maji yake mwenyewe mengi tu. Chumvi usitie mwanzoni. Kama saa moja, choma na uma, ukiingia bila kubishana ameiva. Yale maji usimwage!! Nusu ni supu, tia ndimu, pilipili manga na tangawizi, wagawie watu kwenye vikombe wakiwa bado wanafanya kazi. Nusu inabaki kwa ajili ya rosti ya nazi.

Nazi: kamua tui zito weka pembeni, rudia na maji ya uvuguvugu upate tui jepesi. Vitu vinaivia kwenye jepesi. Zito linaingia mwisho, sufuria wazi, unakoroga bila kuacha mpaka lichemke kidogo, ukifunika au ukienda kupiga stori tui linakatika na mchuzi unakuwa na mabonge. Samaki wa kupaka ni hivyohivyo, mpake kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ndimu mapema, mchome nusu kwenye mkaa, af umpake lile tui zito lililopikwa na bizari na ukwaju, geuza, paka, geuza, paka. Jiko letu ni pipa lililopasuliwa katikati, fundi wa kuchomelea alitutengenezea miaka hiyo na mpaka leo bado linadunda.

Kamba: hawa ndo wa mwisho kabisa, watu wakiwa wameshanawa. Dakika tatu nne tu. Akijikunja kama ndoana yuko tayari, akijikunja kama pete umempitisha anakuwa mpira. Kila mwaka kuna mtu anasema "bado bado mwache kidogo", mnyang'anye mwiko.

Kula iwe saa saba, saa nane, kwa sababu kesho yake ni kazi. 2023 ilikuwa Jumamosi, Msabato wetu alikuja baada ya jua kuzama na tulimkuta... nimekosea, yeye ndo alitukuta tumelala kwenye mikeka, ikabidi tuwashe mkaa upya kumchomea changu wake, na ile awamu ya pili ya usiku ilikuwa bora kuliko ya mchana.

Walio mbali: usiwapigie video koli wakati wa kula, mnawatesa na hawasikii kitu, kelele. Wa Houston tunampigia kutoka Feri saa kumi na mbili asubuhi, kwake ni saa nne usiku wa jana, katoka kazini, tunamwonyesha mafungu na yeye ndo anachagua samaki wake. Anasema "huyo wa kulia, hapana huyo mkubwa", tunamnunua huyo, na huyo samaki anapewa jina lake mpaka jikoni. Anachanga elfu tano kama wengine, tulimkatalia kutuma dola mia mbili. Akituma mia mbili itakuwa pati yake.

Grupu la WhatsApp liwe la hili jambo tu. Siasa, dawa za miujiza na "fowadi kwa watu kumi" wapeleke kwingine. Mwaka mzima liko kimya, mweka hazina anaandika mara moja kwa mwezi, na kwa sababu liko kimya ujumbe ukiingia watu wanausoma.

Kuna mwenzetu alifariki 2021. Yeye ndo alikuwa wa kupatana bei Feri, wauzaji walikuwa wanamjua kwa jina. Hatukujua tufanye nini na nafasi yake, mwaka ule tulilipa bei zote kama watalii. Mkewe tulimwambia mchango wake umesimama lakini yeye na watoto waje, na wanakuja. Mwaka jana binti yake wa kidato cha tano aliomba aende Feri na sisi. Tukajua anataka kuona tu. Akasimama kwa mchuuzi mmoja wa kolekole, akataja bei, mchuuzi akacheka, binti akaanza kuondoka zake polepole bila kugeuka, mchuuzi akamwita. Ile ya kuondoka bila kugeuka hatukumfundisha sisi.

Mabaki: wekeni vifuko mapema, kila anayeondoka aondoke na kitu, ila kamba na pweza waliokaa mezani kwenye joto zaidi ya saa mbili msimpe mtu, wapeni paka. Maji ya kuoshea samaki msimwage karibu na nyumba, mwenyeji wenu ndo atalala na inzi. Mwenyeji haoshi sufuria hata moja.

Na kabla mtu wa kwanza hajawasha gari, tajeni watatu wa kwenda Feri mwakani, kwa majina, mweka hazina aandike kwenye grupu palepale. Mwakani ni mimi, mkurugenzi, na yule binti.